Mwili Husema Nusu ya Habari

Katika vijiji vya Kibera, jijini Nairobi, na hasa Gatwekera, kijiji kilichosongamana kando ya reli iendayo Kisumu, hakuna hukumu itolewayo upesi kuliko ile ya mtu juu ya mwili wake mwenyewe. Huamka asubuhi viungo vinamuuma, kichwa kizito, kinywa kichungu, hamu ya chai imemtoka, na kabla hajaufungua mlango amekwisha kujua kwa yakini ana nini, wala jirani anayemkuta akijikunyata juani hamwulizi neno, bali humthibitishia: "Hiyo ni malaria na taifodi." Maradhi haya mawili yamefungwa pamoja vinywani mwa watu hata hutajwa kwa pumzi moja. Saa moja baadaye mgonjwa amesimama mbele ya kidirisha cha kemisti chenye nondo, akimwambia aliye ndani, ambaye kila mtu humwita daktari awe aliusomea udaktari au hakuusomea: "Daktari, nipatie dawa ya malaria na taifodi, ya mia mbili." Hufungiwa vidonge vya rangi tatu katika kibahasha cha karatasi, akaenda zake, naye ameridhika.

Siandiki haya kwa kumcheka. Mtu aishiye kwa kibarua cha mjengo au kwa kufua nguo za watu, ambaye siku asiyokwenda kazini ndiyo siku jiko lake halitiwi mafuta, ana hesabu zake, na foleni ya zahanati itakayomla kutwa nzima si jambo dogo kwake. Wapo waandishi ambao lawama zote huzitupa kwa wenye kemisti. Mimi siafikiani nao, kwani mwenye duka huuza anachoagizwa, na anayeagiza amekwisha kujihukumu kabla hajafika. Aibu, kama ipo, ni yetu sote tuliozoea kuuchukulia mwili kuwa ni shahidi asemaye habari nzima. Mwili husema nusu ya habari, nasi kwa haraka yetu tunaijaza nusu iliyobaki kwa dhana. Na pale unaponyamaza kabisa, tunauhesabu unyamavu wake kuwa ithibati ya siha.

Homa ni kama mlinzi wa usiku apigaye filimbi: hukujulisha kwamba kuna aliyeingia uani, ila hakutajii jina lake. Malaria huleta homa. Homa ya matumbo, ambayo ndiyo hiyo taifodi, huleta homa. Nimonia, kifua kikuu, maambukizo ya njia ya mkojo, jipu lililojificha, kidole tumbo kilichovimba, mafua makali, vyote huleta homa, na kwa siku mbili tatu za mwanzo hata tabibu mzoefu hawezi kuyatenganisha mengi ya haya kwa kumtazama mgonjwa usoni. Kwa hiyo asemaye, "Mimi mwili wangu naujua, hii ni malaria," huenda anaijua homa vizuri sana, lakini malaria haijui.

Kwanza malaria yenyewe. Nairobi imejengwa kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake haivipi vimelea vya malaria nafasi nzuri ya kukomaa ndani ya mbu. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa Gatwekera, na ambaye hajatoka nje ya jiji, ni nadra homa yake kutokana na malaria, hata kama chumba chao kimejaa mbu. Kwa maana mbu wazaliwao katika maji machafu ya mitaro aghalabu ni wa jamii nyingine isiyoeneza ugonjwa huu. Hata hivyo Gatwekera haikukatwa na ulimwengu. Wakazi wake wengi asili yao ni kandokando ya Ziwa Viktoria, na mabasi hayaachi kuwapeleka matangani Siaya, Homa Bay, Migori na Busia na kuwarejesha, na huko malaria haina likizo. Mbu akimwuma mtu leo, homa haimjii kesho. Hupita siku 7 kwa uchache, na mara nyingi 10 hata 15. Basi aliyekwenda kuzika Jumamosi akaugua Jumatatu, asiwalaumu mbu wa usiku ule wa matanga. Bali yule ambaye wiki ya pili baada ya kurejea anaanza kutetemeka, na aende kupimwa siku iyo hiyo, na neno lake la kwanza kwa mhudumu liwe ni wapi alikotoka na lini.

Neno hilo moja, la kusema ulikotoka, lina thamani kuliko maelezo marefu ya jinsi kichwa kinavyogonga. Wengi hulificha bila kukusudia, kwa kuwa hawaoni linahusu nini. Fauka ya hayo, kuna dhana kwamba mtu wa asili ya ziwani malaria haimwezi, kwa vile alikua nayo. Kinga hiyo ipo, nayo hupatikana kwa kuumwa na mbu mwaka hadi mwaka, lakini hupungua kwa aliyekaa jijini miaka mingi, na mtoto aliyezaliwa jijini hakuirithi kabisa. Mtoto huyo ndiye ambaye safari ya siku tano kwa bibi yake inaweza kumrejesha akiwa taabani, ilhali binamu zake waliobaki kule wanacheza.

Kipimo chenyewe ni chepesi: tone la damu ya kidole, kikebe kidogo cha plastiki, na robo saa hivi ya kungoja. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba asitibiwe mtu malaria kwa kudhaniwa tu, bali apimwe kwanza popote kipimo kipatikanapo. Kikionyesha malaria ipo, dawa itumiwayo zaidi nchini, mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara sita, katika siku tatu, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili viingie mwilini sawasawa. Wengi hupata nafuu baada ya siku ya kwanza, wakaviweka vilivyobaki nyuma ya kabati "kwa siku nyingine"; wakawa hawakujitibu leo, wala hiyo siku nyingine hawana dozi. Tena ijulikane kwamba baadhi ya vipimo vya haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo aliyemaliza dawa asikimbilie kupimwa tena bila ya dalili, akajitia hofu bure.

Sasa taifodi, ambayo kisa chake ni kirefu zaidi, na katika Gatwekera kina ushahidi ambao mitaa mingi ya Afrika haina. Kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya muongo wa 2000, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wataalamu wa Marekani wa CDC, waliwafuatilia watu wa Gatwekera na wa sehemu jirani ya Soweto nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani ana homa, nani anakohoa, nani anahara. Na aliyeugua alitibiwa bure katika kliniki ya Tabitha, damu yake ikachukuliwa na kuoteshwa maabara, ili kuona kama bakteria wa taifodi wamo kweli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kati ya kila watu 100,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, taifodi ilithibitika kwenye damu za watu 247, ilhali kule Lwak, mashambani karibu na ziwa, hesabu ilikuwa 29 tu. Watafiti walipokisia na wale ambao hawakufika kupimwa, hesabu ya Kibera ilipanda hadi 822, na waliopatwa zaidi walikuwa watoto wa miaka 2 hadi 9.

Msomaji azisome tarakimu hizo kwa pande zake mbili. Kwa upande mmoja, taifodi ipo Kibera, wala si uzushi: ipo kwa sababu mabomba ya plastiki yenye nyufa yamelazwa ndani ya mitaro, na maji yakikatika mabomba hunyonya yaliyoko nje, kwa sababu vyoo havitoshi na vingine hulipiwa, hata watu wakafikia kujisaidia katika mifuko na kuirusha gizani, kwa sababu mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa pesa, na mkono haunawiwi kwa maji ya kununua kama unavyonawiwa kwa maji ya bure. Kwa upande wa pili, hata tukiichukua hesabu ile kubwa ya 822, ni chini ya mtu mmoja katika kila mia kwa mwaka mzima. Basi na aulize mtu katika ploti yake yenye vyumba kumi ni wangapi walioambiwa mwaka huu kwamba wana taifodi, na wangapi waliambiwa mara mbili, tatu. Hesabu hizi haziwezi kupatana, na inayopaswa kutiliwa shaka si ile iliyotoka katika damu iliyooteshwa.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kipimo kiitwacho Widal, alichokibuni tabibu Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, na ambacho kingali kinatumika katika vijumba vingi vya maabara vya mitaani kwa sababu ni rahisi na hakihitaji mtambo. Fundi wa maabara hutenga maji ya damu, huweka tone juu ya kigae cheupe, huchanganya na tone la dawa ya rangi, kisha hukiyumbayumbisha kigae mkononi akitazama kama vijipunje vitashikana. Vikishikana, huandika kwamba taifodi ipo. Walakini kinachotazamwa pale si bakteria. Ni askari wa mwili, zile kingamwili, ambazo huweza kubaki baada ya ugonjwa wa zamani, au baada ya chanjo, au hata zikaamshwa na maradhi mengine kabisa, malaria ikiwamo. Katika mtaa ambao watu wengi wamewahi kukutana na bakteria hawa au jamaa zao, wengi wataonekana na taifodi siku yoyote watakayopimwa, wakiwa wagonjwa au wazima.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile itikadi ya taifodi sugu, "taifodi iliyoingia kwenye damu na haitoki," inayomfanya mtu ale antibiotiki kila baada ya miezi michache, achomwe na sindano kwa kuamini kuwa sindano ina nguvu kuliko kidonge, apimwe tena Widal, aambiwe bado ipo, aanze upya. Wapo kweli watu wachache ambao bakteria hujificha ndani ya nyongo zao baada ya kupona, wakaambukiza wengine. Lakini hao hawajulikani kwa Widal, na kwa kawaida hawasikii homa wala uchovu. Anayechoka kila jioni, anayetoka jasho usiku hata shuka zikalowa, anayekohoa zaidi ya wiki mbili na nguo zinampwaya, huyo asitibiwe taifodi mara ya tatu. Akapimwe makohozi, kwani dalili hizo ndizo za kifua kikuu, ambacho tiba yake katika vituo vya serikali ni ya bure na huchukua miezi 6. Tena apimwe pia virusi vya UKIMWI. Nimewaona watu walioingia gharama ya taifodi kwa nusu mwaka, na mapafu yao wakati huo wote yakiliwa.

Madhara mengine yanatugusa sote. Bakteria wa taifodi waliochunguzwa na KEMRI jijini Nairobi wamekuwa sugu kwa dawa kadhaa za zamani ambazo baba zetu walipona nazo, na kila anayekula vidonge sita vya antibiotiki kwa homa ya mafua anawasomesha hao waliobaki. Kwa hiyo ukiambiwa una taifodi, uliza kwa adabu, kwa maana ni haki yako: nimepimwa kipimo gani? Kama ni Widal peke yake, je, damu yangu inaweza kuoteshwa, au kuna ugonjwa mwingine unaodhaniwa? Hospitali ya Mbagathi haiko mbali. Homa iliyopita siku tatu haifai kumalizwa kwenye kidirisha.

Kuhusu kujikinga nitasema machache, kwani watu wanayajua. Maji huchemshwa au hutiwa klorini, hili kila mtu hulikariri. Lisilokaririwa ni kwamba maji yaliyochemka huchafuliwa tena na kikombe kichovywacho ndooni pamoja na vidole vya aliyekishika. Afadhali mtungi wenye shingo nyembamba au ndoo yenye bomba. Tena mnamo Julai 2025 serikali ilitoa chanjo mpya ya taifodi nchini kote kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mzazi ambaye mwanawe alikosa na aulize kituoni, asiwasikilize wanaosema chanjo ni njama.

Hayo yote ni habari ya mwili unaposema. Nageukia pale unaponyamaza, na hapa sina budi kusema juu ya presha. Katika mazungumzo ya mtaani presha ni jambo la moyo na ghaidhi: mtu akiudhiwa na mwenye nyumba, "presha imempanda", akinywa maji akatulia, imeshuka. Kwa itikadi hiyo, mtu mpole, mnene wa afya, mcheka na watu, hana presha, na mwenye presha huijua kwa kichwa kuuma na moyo kudunda. Hakika ya mambo ni kinyume. Hasira huipandisha damu kwa muda, kisha hushuka. Ugonjwa wenyewe hukaa miaka kumi ndani ya mwili pasipo kuuma popote, ukiikaza mishipa ya ubongo, ya moyo na ya figo. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya shinikizo lao la damu lilikuwa juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja maishani.

Kupimwa siku hizi si safari. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, nao huingia hadi vyumbani. Mmoja wao akibisha hodi mlangoni kwako, usimwambie kwamba hapa hakuna mgonjwa. Keti kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umelazwa mezani sawa na usawa wa moyo, wala usizungumze wakati ukanda unapokaza. Na kama umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, ngoja nusu saa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usifadhaike, ila rudia siku nyingine. Ikirudi vile vile, nenda kituoni.

Wengi wakifika hapo husita kwa neno moja: "Dawa za presha ukianza huwezi kuacha." Ni kweli kwamba aghalabu huliwa maisha yote. Ila huo si ulevi wa dawa. Ugonjwa wenyewe ndio uliokuja kukaa, na kidonge huuzuia kwa siku ile iliyoliwa tu. Anayeacha kwa kuwa "nasikia vizuri" amesahau kwamba hata kabla ya dawa alikuwa akisikia vizuri. Pamoja na dawa, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, humo humo ikiwamo chumvi ya vikolezo vya pakiti na ya omena waliotiwa chumvi. Na iwapo, Mungu aepushe, mtu anapinda mdomo ghafla, mkono mmoja umelegea, ulimi mzito, hicho ni kiharusi: asikandwe kwa maji ya moto, asitafutiwe aliyemroga, wala asisomewe kwanza ndipo apelekwe. Apelekwe hospitali wakati huo huo, na dua zisomwe njiani.

Nimebakiza watoto, ambao hawasemi hata hiyo nusu. Akina mama wa Gatwekera humvika mtoto sweta tatu na kofia ya sufu wakiamini kuwa nimonia huingia kwa baridi, kisha wakamlaza karibu na jiko la mafuta ya taa, mlango umefungwa, chumba kizima moshi. Baridi peke yake haileti nimonia. Huletwa na vijidudu, na moshi huudhoofisha ulinzi wa mapafu dhidi yavyo. Wengine, kuhara kwa mtoto husema ni meno yanaota, wakamnyima maji ili akauke. Ilhali anachohitaji ni maji ya chumvi na sukari, lita moja safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, na ziwa la mama lisikatizwe. Na kwa kikohozi kisichoisha wapo, hasa pwani, wanaomkatisha mtoto kimio kwa wembe. Desturi hii haina dawa ndani yake, ina damu na maambukizo.

Mama mwenye mtoto anayekohoa amfunue fulana akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, amtazame kifua kwa dakika nzima ya saa huku akihesabu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, mapafu yake yana taabu. Na kama chini ya mbavu panabonyea kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea haamki, au ametetemeka kwa degedege, asingojewe kuche wala asinunuliwe dawa ya maji ya kikohozi. Abebwe usiku ule ule, na aliyembeba asikubali kurudishwa nyumbani na mtu yeyote ambaye hakumfunua mtoto kifua na kukitazama.